Nani Amlinde Mgonjwa Anayetumia Mofini Nyumbani?

Tumchukue, kwa mfano, bibi mmoja mkazi wa mteremko wa kaskazini wa Mlima Meru, upande wa Ngarenanyuki. Bibi huyu ana saratani ya umio, yaani ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani hiyo huonekana kwa wingi katika ukanda mrefu wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Malawi, na nchi yetu imo ndani ya ukanda huo. Madaktari wamekwisha kumpima, wakaona kuwa ugonjwa umefika mbali na hautapona. Wamemruhusu arudi nyumbani, kwenye shamba lake la vitunguu na kwa wajukuu wake. Mkononi amepewa chupa yenye dawa ya maji. Dawa hiyo ni mofini.

Tangu siku hiyo bibi huyu si mgonjwa wa wodini tena; ni mgonjwa wa nje. Daktari aliyemwandikia dawa yuko mjini Arusha, ng'ambo ya mlima wenye urefu wa mita 4,562, na wakati wa masika njia ya kufika huko ni matope matupu. Aliye karibu naye ni muuguzi wa zahanati. Basi, ni nani atakayejua kama dozi aliyoandikiwa inamtosha? Ni nani atakayegundua kuwa hajapata choo kwa siku tano? Ni nani atakayeuliza kwa nini chupa iliyopaswa kudumu wiki mbili imekwisha kwa siku tisa?

Maoni ya makala haya ni kwamba kazi hiyo ni ya muuguzi, na kwamba hapana mtu mwingine anayeweza kuifanya vema zaidi yake katika mazingira yetu. Lakini muuguzi huyo hajapewa bado mafunzo, daftari, wala mamlaka ya kutosha ili aifanye. Tumekuwa hodari wa kuifungia dawa hii kabatini; hatujawa hodari wa kumfuata mgonjwa aliyeipeleka nyumbani.

Ufunguo mmoja, milango mingi

Ili hoja hii ieleweke, yafaa kwanza tujue mofini ni dawa ya namna gani. Mofini hutokana na afyuni, utomvu wa tunda bichi la mmea uitwao mpopi. Mnamo miaka ya 1804 na 1805 kijana Mjerumani aliyekuwa mwanafunzi wa ufamasia, Friedrich Sertürner, aliitenga dawa hiyo kutoka katika afyuni na hatimaye akaipa jina linalotokana na Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani wa kale. Kodeini, tramado, pethidini, fentanili na methadoni ni za jamii hiyo hiyo, ingawa nguvu zake hutofautiana sana. Heroini nayo ni ndugu yao, kwani hutengenezwa kutokana na mofini.

Mwanafunzi wa biolojia amekwisha kusikia habari ya ufunguo na kufuli katika somo la vimeng'enya. Mofini nayo hufanya kazi kwa namna inayofanana na hiyo. Mnamo 1973 wanasayansi walithibitisha kuwa ubongo una vipokezi maalumu vinavyonasa dawa za jamii ya afyuni, na mwaka 1975 ikagunduliwa kuwa mwili wenyewe hutengeneza kemikali zake zinazoingia katika vipokezi hivyo. Mofini ni ufunguo wa kuazima unaoingia katika kufuli ambazo mwili tayari ulikuwa nazo.

Lakini kufuli hizo haziko mahali pamoja. Ziko katika uti wa mgongo na sehemu za ubongo zinazopokea habari za maumivu. Hapo mofini hutuliza. Ziko katika utumbo. Hapo mofini hupunguza mwendo wa chakula na choo hufunga. Ziko pia katika sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi. Hapo mofini ikizidi, pumzi hupungua na hata kukoma. Hakuna dozi inayofungua mlango mmoja bila kuigusa mingine. Kwa sababu hiyo dawa hii haiwezi kuandikwa leo na kusahauliwa hadi mwezi ujao. Hapana budi pawepo mtu wa kutazama ni milango gani imefunguka, na kwa kiasi gani.

Hesabu ya chupa moja

Shirika la Afya Duniani liliiweka mofini katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, iliyotolewa mwaka 1977. Mwaka 1986 shirika hilo lilitangaza mpango wa kutuliza maumivu ya saratani kwa ngazi tatu: kwanza dawa za kawaida kama parasetamoli au aspirini, kisha dawa dhaifu za jamii ya afyuni kama kodeini, na mwisho mofini yenyewe. Mpango huo ulisisitiza kuwa dawa itolewe kwa njia ya mdomo panapowezekana, na itolewe kwa saa maalumu bila kungoja maumivu yarudi.

Mofini ya maji ina faida kubwa kwa mgonjwa kama bibi wa mfano wetu, ambaye hawezi tena kumeza vidonge. Kiasi cha dawa katika damu hupungua kwa nusu katika muda wa saa mbili hadi nne, na kwa hiyo dozi hurudiwa kila baada ya saa nne. Tuseme daktari ameandika miligramu 5 kila mara, na chupa ina miligramu 5 katika kila mililita 5. Mgonjwa atakunywa mililita 5 saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni. Kisha saa 4 usiku atakunywa mililita 10, ili alale hadi alfajiri bila kuamshwa. Jumla ni mililita 30 kwa siku, na mililita 420 kwa wiki mbili.

Hesabu hii ni nyepesi darasani, lakini nyumbani ina mitego. Hutengenezwa pia mofini ya maji yenye miligramu 50 katika mililita 5. Mtu akibadilishiwa chupa bila kuelezwa, naye akaendelea kupima kwa kijiko kile kile, atakunywa dozi iliyozidi mara kumi. Tena vijiko vya nyumbani havilingani, na ndiyo maana bomba la sindano lisilo na sindano ni kipimo bora zaidi. Muuguzi akimwonyesha mjukuu alama ya mililita 5 katika bomba hilo, kisha akamwambia apime mbele yake, amefanya kazi ya usalama iliyo kubwa kuliko kufuli la kabati.

Makosa mawili ya dunia

Dunia imefanya makosa mawili kuhusu dawa hizi, na yote mawili yanatufundisha.

Kosa la kwanza lilifanyika Marekani. Kuanzia mwaka 1996 vidonge vya oksikodoni inayotoka taratibu, vilivyoitwa OxyContin, viliuzwa kwa matangazo makubwa, na madaktari wakahimizwa kuviandika si kwa saratani tu bali hata kwa maumivu ya mgongo na viungo ya miaka mingi. Wagonjwa walipewa vidonge vya mwezi mzima, wakarudi kuchukua vingine, na mara nyingi hapakuwa na mtu wa kuwauliza kwa makini vimewasaidia nini. Uraibu ulienea. Baadaye watu wengi walihamia kwenye heroini, kisha kwenye fentanili ya magendo. Mwaka 2021 peke yake zaidi ya watu 100,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa na madawa ya kulevya, na takriban 80,000 kati ya vifo hivyo vilihusu jamii ya afyuni.

Kosa la pili ni letu sisi wa nchi maskini, nalo ni kinyume cha lile la kwanza. Jopo la kimataifa la jarida la Lancet lilieleza mwaka 2017 kuwa kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni zilizogawanywa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa nguvu ya mofini, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Hiyo ni sehemu moja katika takriban 3,000, na wakati huo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi hizo. Wagonjwa wengi wa saratani wameumwa na kufa bila kuionja dawa ambayo imejulikana kwa zaidi ya miaka 200.

Makosa haya mawili yana mzizi mmoja. Kule dawa ilitolewa bila jicho la kuifuata. Huku dawa imezuiwa kwa kuwa tunajua hatuna jicho hilo. Mtu akisoma habari za Marekani akahitimisha kuwa sisi tuzidi kuifungia mofini, hajalisoma somo lote. Palipokosekana ni pale katikati, kati ya kalamu ya daktari na kikombe cha mgonjwa. Na mahali hapo ndipo pa muuguzi.

Muuguzi anatazama nini?

Wahenga walisema kuwa mgonjwa haulizwi uji. Mgonjwa wa mofini, hata hivyo, hana budi kuulizwa, tena kwa utaratibu.

Swali la kwanza ni la maumivu. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, na maumivu vivyo hivyo: hakuna mashine ya zahanati inayoyapima, ila kauli ya anayeumwa. Wauguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye maradhi mazito, hutumia kipimo cha mkono. Ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu. Kidole kimoja ni maumivu kidogo. Vidole vitano ni maumivu yasiyo na mfano. Bibi asiyejua kusoma hukielewa mara moja. “Shikamoo bibi, leo ni vidole vingapi?” “Marahaba mwanangu, jana vinne, leo viwili.” Majibu hayo, yakiandikwa kila juma, ni takwimu halisi, na daktari wa mjini anaweza kuyasoma kama asomavyo joto la mwili.

Swali la pili ni la choo. Karibu kila anayetumia mofini kwa muda hufunga choo, na mwili hauizoei hali hiyo kama unavyozoea kichefuchefu cha siku za mwanzo. Dawa ya kulainisha choo inafaa ianze siku moja na mofini. Wagonjwa wengi huona aibu kulitaja jambo hili. Wengine huacha mofini kimya kimya kwa sababu yake, kisha tukasema kuwa dawa imeshindwa.

Swali la tatu ni la usingizi na pumzi. Kusinzia siku mbili au tatu za kwanza ni jambo la kawaida. Kusinzia kunakozidi siku hadi siku si kawaida, bali ni onyo linalotangulia hatari ya pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akiwa haamshiki vizuri, anapumua chini ya mara 10, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, muuguzi hangoji: anasimamisha dozi na kuomba msaada. Naloksoni, dawa inayoifukuza mofini katika vipokezi, ikidungwa humwamsha mgonjwa katika dakika chache. Lakini nguvu yake huisha upesi kuliko ya mofini, na kwa hiyo mgonjwa huyo lazima aangaliwe kwa saa nyingi. Aidha, mabaki ya mofini yenye nguvu hutolewa na figo. Mgonjwa anayeharisha na kukaukiwa maji, au mwenye figo dhaifu, anaweza kulewa kwa dozi ile ile iliyomfaa mwezi uliopita.

Swali la nne ni la nyumba. Chupa inakaa wapi? Watoto wanaifikia? Imehamishiwa katika chupa ya soda? Imebaki kiasi gani, na hesabu inalingana na siku zilizopita? Hapa muuguzi anahitaji hekima, kwa maana chupa iliyokwisha mapema ina maelezo zaidi ya moja. Huenda kijana wa nyumbani anaiiba. Huenda pia maumivu yameongezeka na bibi amejiongezea dozi kwa kuwa hapana aliyemuuliza. Wa kwanza anahitaji kuzuiwa na kutibiwa, wa pili anahitaji dozi mpya. Polisi hawezi kuwatofautisha hawa. Muuguzi anayeijua nyumba anaweza.

Swali la tano ni kama dawa hii bado inahitajika. Wanaoishi Maji ya Chai na vijiji vya jirani wanajua kuwa maji ya Meru yana madini mengi ya floridi, ambayo hutia meno rangi ya kahawia na, kwa baadhi ya watu walioyanywa miaka mingi, hukaza mifupa na viungo. Maumivu hayo ni ya kweli. Lakini mtu wa miaka arobaini mwenye maumivu ya viungo au mgongo, akipewa tramado mwezi baada ya mwezi bila mwisho, anawekwa kwenye njia ile ile waliyoipita Wamarekani. Muuguzi anayemwona kila mara ndiye wa kwanza kuweza kusema: dawa hii haimsaidii tena kulima wala kulala, tumpunguzie taratibu na tutafute njia nyingine.

Miili hailingani

Kuna sababu nyingine ya kisayansi ya kumtaka muuguzi amwone mgonjwa upesi baada ya dozi za kwanza. Watu wengi huidhani kodeini kuwa dawa ndogo isiyo na hatari. Kodeini yenyewe hutuliza kidogo sana. Nguvu yake hutokea pale ini linapogeuza sehemu yake kuwa mofini, kwa kazi ya kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Kimeng'enya hiki kinatawaliwa na jeni tunazorithi. Wako watu ambao kimeng'enya chao hakifanyi kazi: hao hunywa kodeini wasipate nafuu, wakadhaniwa kuwa wanajisingizia. Wako wengine wenye nakala za ziada za jeni hiyo, ambao hugeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi kubwa, wakalewa kwa dozi ya kawaida.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa takriban 29 kati ya kila Waethiopia 100 waliopimwa walikuwa na nakala hizo za ziada, kiwango kikubwa mno kikilinganishwa na cha watu wa Ulaya ya kaskazini. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku kodeini kwa watoto wa chini ya miaka 12, ikawaonya pia mama wanaonyonyesha, kwa kuwa mofini hupita katika maziwa. Zahanati zetu hazina kipimo cha jeni. Zina muuguzi. Akimpigia simu mama siku ya pili na kumwuliza kama mtoto ananyonya vizuri au analala kupita kiasi, amefanya kwa sikio lake kazi ambayo maabara ingeifanya kwa gharama kubwa.

Mfano wa nyumbani na mfano wa jirani

Hatuna haja ya kuanza na karatasi tupu. Hospitali ya Selian, ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, iliyoko Ngaramtoni chini ya Mlima Meru, ni miongoni mwa mahali pa mwanzo nchini palipojenga huduma ya tiba shufaa, pamoja na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ya Dar es Salaam. Kazi hiyo ilikua katika miaka migumu ya UKIMWI, wakati dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa hazijawafikia wananchi wa kawaida. Wauguzi walikwenda nyumbani kwa wagonjwa, wakashirikiana na watu wa kujitolea wa vijijini. Walijifunza kuwa mgonjwa mahututi anaweza kutunzwa kwake, mradi awepo mtu wa kurudi kumwona.

Jirani zetu wa Uganda wamekwenda hatua moja mbele. Dk. Anne Merriman alianzisha huko huduma ya hospisi mwaka 1993, akitumia mofini ya maji inayochanganywa kutokana na unga. Upesi ilionekana kuwa madaktari ni wachache mno kuwafikia wagonjwa wa vijijini. Mwaka 2004 Uganda ilitoa kanuni zilizowaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa, mafunzo ya miezi tisa, kuandika mofini. Hawakuruhusiwa wauguzi wote, bali waliofunzwa na kusajiliwa. Nchini kwetu kalamu ya mofini imebaki kimsingi mkononi mwa daktari.

Hata nchi tajiri imemkumbuka muuguzi baada ya kuumia. Mwaka 2017 lilichapishwa jaribio lililofanyika Boston na maeneo ya jirani, lililohusisha waganga 53 na wagonjwa 985 wa maumivu ya muda mrefu. Kundi moja la waganga lilipewa muuguzi wa kuwafuatilia wagonjwa pamoja na daftari la kompyuta. Kundi la pili lilipewa vifaa vya kompyuta tu. Katika kundi la kwanza wagonjwa 66 katika kila 100 walipata huduma inayofuata miongozo. Katika la pili walikuwa 38. Yafaa kusema pia kuwa idadi ya wagonjwa waliorudi kuchukua dawa kabla ya wakati haikupungua kwa tofauti ya maana. Muuguzi si muujiza. Lakini ikiwa kompyuta peke yake iliachwa nyuma namna ile, kufuli peke yake litatufikisha wapi?

Majibu kwa wenye shaka

Wako watakaosema: wauguzi ni wachache na kazi zimewazidi. Ni kweli, na wanastahili kuongezwa. Lakini tukadirie zahanati yenye wagonjwa watatu wa namna hii kwa wakati mmoja. Robo saa kwa kila mmoja kwa wiki ni dakika 45. Nyumba ikiwa mbali, simu ya mkononi yaweza kuyauliza maswali yale matano kwa wiki tatu, na miguu ikaenda wiki ya nne. Mgonjwa asiyefuatiliwa hurudishwa usiku akiwa amefunga choo au amezimia. Huyo hula saa nyingi zaidi za muuguzi yule yule.

Wako watakaosema: dawa itaibwa. Hofu hii si ya bure. Arumeru imeshuhudia mashamba ya bangi yakifyekwa, na nchi imefungua kliniki za methadoni, ya kwanza ikiwa Muhimbili mwaka 2011, kwa ajili ya vijana waliotekwa na heroini. Lakini wizi huzuiwa kwa hesabu: daftari lenye namba za kurasa, sahihi mbili, chupa iliyokwisha kurudishwa kabla ya mpya kutolewa, na mabaki kurudishwa zahanati mgonjwa anapofariki. Kuitunza hesabu hiyo ni kazi ya uuguzi.

Wako watakaosema: sheria ni kali. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ni kali kweli, na inapasa iwe hivyo kwa walanguzi. Lakini Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, ulio msingi wa sheria za namna hii duniani, unakiri tangu utangulizi wake kuwa dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu, na kwamba zinapaswa kupatikana kwa ajili hiyo. Muuguzi anayeogopa kuigusa chupa ya mgonjwa wake hailindi sheria. Analirudia lile kosa la pili.

Tunachokiomba

Tunaomba mambo manne. Kwanza, mafunzo ya wauguzi wote yawe na somo kamili la dawa za maumivu makali, na wauguzi walioko kazini wapewe mafunzo hayo karibu na vituo vyao. Pili, kila mgonjwa wa nje anayepewa dawa hizi aandikishwe katika daftari la zahanati iliyo jirani na nyumbani kwake kabla hajatoka hospitali, na jina la muuguzi wake liandikwe katika cheti chake. Tatu, muuguzi aliyefunzwa na kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga apewe mamlaka ya kupunguza au kuongeza dozi ndani ya mipaka iliyoandikwa na daktari, na baadaye nasi tuufikirie mfano wa Uganda kwa dhati. Nne, naloksoni na dawa ya kulainisha choo zifike kila mahali inapofika mofini.

Kwenu ninyi walimu: vipokezi, vimeng'enya, jeni, na hesabu ya mililita ni mambo ya mtaala, na mfano wa chupa hii unayaunganisha yote. Fundisheni pia tofauti ya maneno matatu ambayo watu huyachanganya. Mwili kuizoea dawa ni kuhitaji dozi kubwa zaidi kwa kazi ile ile. Utegemezi wa mwili ni kuugua dawa inapokatwa ghafla. Uraibu ni kuisaka dawa ijapokuwa inamharibia mtu maisha. Bibi mwenye saratani anaweza kuwa na mambo mawili ya kwanza bila ya kuwa na la tatu, na kumwita mlevi ni kumwongezea maumivu.

Nanyi wanafunzi, wengi wenu ndio wenye kusoma maandishi ya chupa nyumbani. Huenda siku moja mtaombwa kumpimia babu au bibi mililita 5. Pimeni kwa bomba, andikeni saa, fungieni chupa mahali pa juu, na hesabuni vidole anavyowaonyesha. Vikizidi, au usingizi ukizidi, msingoje siku ya kliniki: nendeni kwa muuguzi mkamweleze. Na anapokuja yeye kwenu, mpeni kiti, mpeni daftari lenu, mwacheni aulize.